Ngoja Wasalimiane

Mwanangu Mwadime, kuna jioni moja ya Desemba ambayo naikumbuka kuliko siku yangu ya kuzaliwa, na nataka nikuwekee hapa kabla haijanichakaa kichwani. Wewe hata kutembea hujaanza. Sasa hivi uko chini ya meza unatafuna slipa yangu. Lakini utakua, utanijibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa hapa Ilford, London, na mimi sitajali mradi umesoma Kiswahili hiki mpaka mwisho.

Maneno kama haya hutolewa na mzee mwenye mvi na sauti nzito. Aliyestahili ni babu yako, ambaye jina lake umelibeba. Bibi yako naye akianza kusimulia hulia, akaacha. Basi nimebaki mimi shangazi yako Neema, msafishaji wa ofisi za watu, niliyeishia kidato cha nne, na mwenye duka la keki ambalo mpaka leo liko kichwani tu. Nivumilie.

Jioni hiyo baba yako, Daudi, alikuwa Marekani. Chuo kimoja cha huko kilikuwa kimemchukua kwa sababu ya mwili wake mkubwa, akacheze ule mpira wao wa helmeti, ambao mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mrusha mpira na kuzuia majitu yasimfikie. Zaidi ya hapo hatukuelewa kitu, lakini tulijivuna kama sisi ndio tuliouvumbua mchezo.

Chuo chake na chuo cha mji wa jirani zamani vilikuwa ligi moja. Walikutana kila mwaka, watu wakataniana, wakanuniana, wakaoana. Kisha wale jirani wakahamia ligi kubwa zaidi, na mechi ile ikafa. Miaka ikapita hawa hawakanyagi uwanja wa wale. Sasa msimu ule ulipokwisha, zikaja zile mechi za mwisho wa mwaka ambazo vyuo vya ligi mbalimbali hualikwa, na hao wawili wakapangiwa wao kwa wao. Daudi alitupigia simu akihema.

"Baba, huku watu hawana amani! Wale waliohama ligi wanaitwa wasaliti. Hata mpishi wa chuo ameniambia nikishindwa nisirudi kula."

Babu yako akauliza kitu kimoja tu. "Mkimaliza, mtasalimiana?"

"Na hao?" Daudi akacheka. "Sidhani, Baba."

Babu yako hakucheka. Alinirudishia simu, akaenda kusimama dirishani kama mtu anayengoja basi.

Hapa lazima nikueleze kuhusu Baba Mkubwa Mwakio, kaka yake. Walitoka kwetu Voi, Kenya, wakaja London, mkubwa kwanza, mdogo akamfuata. Wakalala chumba kimoja kule Tottenham, wakafanya kazi moja ya kutunza wazee, wakaimba kwaya moja. Wote besi. Bibi yako anasema ulikuwa ukifumba macho unashindwa kujua nani anaimba na nani amenyamaza kuvuta pumzi. Kisha kanisa likagawanyika, mambo ya nani aongoze. Babu yako akatoka na waliotoka, wakaanza ibada kwenye ukumbi wa kukodi huku Ilford. Baba Mkubwa akabaki. Sisi watoto tulichojua ni kwamba Tottenham hatuendi. Sababu, hakuna aliyetuambia.

Na tulijua jambo jingine, tukalichukulia kuwa ni uzee tu. Babu yako hakuruhusu televisheni izimwe mechi inapokwisha. Mpira wowote, hata wa watoto wa shule. Sisi tumeshainuka, tunatafuta viatu, yeye yuko pale pale kwenye kiti. "Ngoja wasalimiane," atasema. Na kweli atangoja mpaka mchezaji wa mwisho apeane mkono na mwenzake, ndipo anyooshe miguu.

Siku ya mechi nilikaanga mandazi, nikaweka kompyuta juu ya meza, tukabanana mbele yake. Nje giza lilikuwa limeshaingia, si unaijua Desemba ya hapa. Bibi yako alikuwa na mchezo wake mwenyewe.

"Kwani refa ni kipofu? Wanamkalia mtoto wangu!"

"Mama, ndivyo unavyochezwa."

"Mchezo gani wa kukalia watoto wa watu? Mwambieni arudi nyumbani."

Upande wa pili kulikuwa na jitu moja lililomwandama Daudi jioni nzima. Kila mpira ukianza, hilo hapo. Nikapiga kelele, "Huyu naye alizaliwa au alijengwa?"

"Alizaliwa," babu yako akasema bila kugeuka. "Na mama yake anamtazama sasa hivi, kama huyu wako."

Nikauma andazi kwa hasira. Tulikuwa tunaongoza. Tuliongoza mpaka karibu na mwisho kabisa, mpaka wale wakapata nafasi ya kupiga teke moja kupitisha mpira katikati ya milingoti. Mpira ukaenda juu, ukayumba, ukapita. Basi. Tumeshindwa. Nilimwona Daudi amepiga magoti, kichwa chini, na uchungu ukanipanda hadi machoni.

"Wasaliti wakubwa!" nikasema, nikaifunga kompyuta kwa kishindo.

"Neema, fungua. Hawajasalimiana."

"Nani wa kusalimiana nao, Baba? Wamemliza ndugu yako, tena mbele ya dunia nzima!" Unaona nilivyochanganyikiwa, nikamwita mwanawe ndugu yake.

"Fungua, mama."

Nilifungua. Kile kiduara cha kungoja kikazunguka, kikazunguka, na picha haikurudi. Babu yako alikitazama kama mtu anayetazama mlango wa hospitali. Ndipo aliposema, polepole, na bibi yako akiwa ameacha kukusanya vikombe.

"Siku ile tunatoka kanisani, kaka alisimama mlangoni. Alijua sitarudi. Akaninyooshea mkono. Watu wote wanatazama, na mimi nilitaka waone kuwa nimekasirika. Nikampita. Nilipofika nje niligeuka, nikaona mkono wake bado uko hewani, hajui auweke wapi." Akapangusa mdomo. "Wewe unadhani mimi hungoja kuwatazama wachezaji? Mimi humtazama Mwakio."

Mwanangu, nilikaa tena karibu naye, nikaendelea kukibonyeza kile kiduara.

Baadaye Daudi alipiga simu. Sauti ilikuwa imekwisha. Babu yako hakumpa pole ya kushindwa. "Lile jitu," aliuliza, "mlisalimiana?"

"Lilikuja lenyewe, Baba. Likaninyanyua pale chini. Tukapiga magoti pamoja, wachezaji wa pande zote, tukaomba. Linaitwa Kaleb. Linatoka mtaa mmoja na yule mpishi."

Babu yako akalia. Hakuficha uso. Kisha akasema Jumapili ataenda Tottenham.

Bibi yako akamwambia, "Si umpigie simu sasa hivi? Namba yake ninayo." Kumbe alikuwa nayo miaka yote.

"Hapana. Nilimwacha mlangoni mbele ya watu, nitamrudia mlango ule ule, mbele ya watu wale wale. Nataka iwe sawasawa."

Wiki hiyo alikuwa na furaha, mwanangu. Alipiga pasi shati mwenyewe, akalitundika mlangoni. Nilimsikia bafuni anaimba besi ya nyimbo za zamani, akiacha nafasi kila baada ya mstari, kana kwamba kuna mtu anaitikia. Jumamosi asubuhi kifua kikambana. Gari la wagonjwa likaja, shati likabaki limetundikwa.

Bibi yako ndiye aliyempigia Baba Mkubwa. Alifika hospitalini na sare yake ya kazi mwilini, kofia mkononi, amelowa mvua. Babu yako alikuwa amefumba macho na mashine inapumua badala yake. Baba Mkubwa akasogea kando ya kitanda, akasimama wima kama mgeni anayebisha hodi.

"Mwadime. Ni mimi, Mwakio. Nimekuja."

Akanyoosha mkono. Si kumgusa tu, aliunyoosha hasa, kama unavyomsalimia mtu aliye mzima. Tukangoja. Mkono wa babu yako ulikuwa pale juu ya shuka, shubiri moja tu kutoka kwenye ule wa kaka yake, na haukuja. Mkono wa Baba Mkubwa ukabaki hewani kwa mara ya pili. Jioni ile babu yako akatuacha.

Wewe ulizaliwa baada ya baba yako kurudi London na kumwoa mama yako. Ukapewa jina hilo, ndiyo sababu siku nyingine ulimi unaniteleza, nakuita baba badala ya mwanangu. Baba Mkubwa alikuja kukuona ukiwa bado unanukia maziwa. Alikutazama muda mrefu, kisha akakunyooshea kidole. Ukakishika. Najua, mtoto mchanga hushika chochote, hata sikio langu umelishika ukataka kuling'oa. Lakini yule mzee aliinama akaweka paji la uso kwenye ngumi yako.

"Ndugu yangu," akasema, "umechelewa sana."

Basi sikia, Mwadime wangu. Utagombana na watu; mtu asiyegombana na yeyote huyo pengine hapendi kitu. Shindana, shinda, shindwa, ulie. Ila usiondoke uwanjani kabla ya kusalimiana. Na kama umeshaondoka, usingoje Jumapili, wala usitafute mlango ule ule, wala usipige shati pasi. Msalimie kwenye basi, kwenye foleni, msalimie ukiwa na ndala. Itakuwa sawasawa tu.

Mungu akupe maisha marefu na mwili wa baba yako. Akupe sauti ya babu yako, na mtu wa kuimba naye. Na mkono wako, mwanangu, uwe mwepesi kutoka mfukoni, na kila utakapounyoosha, upate mwingine wa kuushika.