Godoro la Mwalimu wa Kuruka

Mwalimu aliyefundisha vijana kuruka na ubao wa theluji, kwenye kilima kilichotandikwa brashi za plastiki badala ya theluji, mashariki ya London, alikuwa na sauti ndogo. "Kunja magoti. Mabega yaende na ubao. Tazama utakapotua." Kisha, kabla mtu hajaruka, alikokota godoro akaliweka mahali, na aliyeanguka aliangukia hapo hapo. Sikuwahi kumwona akikosea.

Jumamosi moja ya mwaka 1998 ilifika zamu ya binti yangu Miska. Mwalimu alimtazama, akalikokota godoro mpaka nje ya uzio, juu ya lami.

"Mbali hivyo, mwalimu?"

"Bega la kushoto limetangulia, Bwana Hamad."

Mimi sikubali bei ya kwanza popote. Siku ile sikubishana. Nilipanda kilima nikamfungua Miska miguu kutoka kwenye ubao.