Mlima wa Emilian

Emilian aliendesha malori miaka mingi, akipita nyumbani kwake Shelui kama mgeni, mpaka breki zilipomkatalia usiku kwenye mteremko wa Sekenke. Alipona, ila mguu wa kulia ulibaki hospitalini. Sasa dunia yake ilikuwa kitanda, ua, na njia ya magongo hadi kibanda cha gemu cha Festo, kando ya lami.

Huko ndiko alikorudishiwa barabara. Festo, aliyekuwa utingo wake, alimpa pedi ya kuchezea na kumfungulia gemu lenye lori, misitu na vijiji, na mbali kabisa mlima wa buluu.

"Ule unafikika?" Emilian aliuliza.

"Unafikika, suka," Festo akajibu, akimwita dereva wake kama zamani. "Kila unachokiona humo kinafikika."

Basi kila alasiri akawa safarini. Vijana wengine walikimbiza magari na kugonga watu huku wakicheka. Yeye aliendesha kama alivyofunzwa: mteremkoni gia nzito, bondeni anasimama kupoza breki. Jua la gemu likizama, aliegesha pembeni akangoja kuche, maana aliapa hataendesha tena usiku.

"Shikamoo, mzee. Breki za gemu haziungui!" kijana mmoja alimtania.

"Marahaba. Hata za lori waliniambia hivyohivyo."

Wakacheka, naye akacheka. Kwa mwendo ule mlima haukukaribia. Kona iliuficha, kilima kikaufichua, ukiwa mbali vilevile, na kifua chake kikapanuka. Kitandani aliwaza kijiji kinachofuata. Mbele bado kulikuwa na mahali, na hilo tu ndilo lililomwinua asubuhi.

Festo alimwonea huruma. Siku moja alimkuta ameegesha tena, gizani, akaichukua pedi. "Suka, utazeekea njiani. Panda ndege, leo ufike."

Ndege ikapaa. Emilian hajakaa sawa, mlima ukawa chini yao, kichuguu tu. Nyuma yake palikuwa na bahari, na juu ya bahari ndege ikageuka yenyewe, haikuruhusiwa kwenda zaidi. Akatazama chini. Barabara aliyoisafiri majuma yote yale ilijikunja kama utumbo wa mbuzi kuzunguka vilima vichache. Kijiji alikoanzia na kile alikolala jana vilikuwa majirani, kati yao kaukanda ka msitu.

"Umeona?" Festo alisema, amefurahi. "Barabara wanaizungusha, kule mbele wanatia ukungu, ndiyo maana unaona pakubwa. Jamaa waliolitengeneza gemu wajanja hao!"

"Wajanja," alisema Emilian.

Kesho yake alirudi kwenye lori. Aliikaribia kona ya kwanza akijua kilichoko nyuma yake. Akajaribu kusahau, kama mtu anayejilazimisha usingizi. Mlima ulikuwa palepale, buluu ileile, lakini hakuona tena umbali wowote. Akaiweka pedi juu ya benchi.

"Suka, muda wako bado."

"Wape vijana."

Mkewe, Agripina, alishangaa kumwona amerudi mapema.

"Umechoka, baba Noel?"

"Nimefika."

Agripina hakujua amefika wapi. Akamsogezea ungo wa maharage. Emilian akachambua, punje kwa punje, mpaka yakaisha, kisha akaendelea kukaa hapohapo, mikono juu ya ungo mtupu.