Mkalimani wa Semina ya Usawa

Nikisikia neno usawa likitamkwa kwenye kipaza sauti, huwa natafuta mlango. Wenzangu husema nina kiburi. Kiburi ninacho, lakini hiki si kiburi, ni aibu.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mkalimani wa shirika moja la kigeni lililofundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Mwaka ule likatuletea semina ya kupinga ubaguzi wa rangi, siku tatu nzima, katika ukumbi wa kanisa mjini Embu. Mwalimu alikuwa kijana wa Kizungu, mpole kupita kiasi. Alipanga viti duara ili pasiwe na mkubwa, akabandika makaratasi ukutani, akatusihi tuseme ukweli bila woga. "Hata ukweli kuhusu sisi," akasema, nami nikatafsiri.

Siku ya pili mama mmoja akasimama. Alikuwa mhudumu kutoka kule chini kwenye ukame wa Mbeere, leso kichwani, vumbi hadi magotini. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya Kaaga, na watu wa kule chini tuliwaona washamba. Sitajitetea.

"Mwalimu, hiyo gari yenu ilinipita," alisema. "Mimi nasukuma bibi ya kijana yangu na wilibaro, uchungu imemshika. Nikainua mikono yote mbili. Dereva akasema ati ni sheria ya ofisi, mwananchi habebwi. Lakini kwa kiti ya nyuma kulikuwa na umbwa ya mkubwa wenu mzungu, imekaa vizuri, inaniangalia. Mtoto akafia kwa barabara. Sasa huyo msichana ako na mimba ingine. Nyinyi mnatufundisha usawa. Hiyo sheria mtaitoa lini?"

Mwalimu akanigeukia, ana hamu ya kuelewa.

Kwetu mgeni haaibishwi. Utamsema upendavyo akishaondoka, lakini akiwa ameketi anapewa chai na maneno matamu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba kibarua changu kilikuwa kinakwisha mwezi ule, na mwenye mbwa ndiye aliyekuwa atie sahihi nipewe kingine.

"Anashukuru kwa mafunzo," nikasema kwa Kiingereza. "Anaomba usafiri wa wagonjwa uangaliwe."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Mwalimu akaandika neno usafiri ukutani, akampigia mama makofi, nasi sote tukapiga. Waliojua Kiingereza mle ndani hawakuwa wachache, na hakuna aliyefungua mdomo. Mama hakuketi.

"Mbona maneno yangu imekuwa fupi hivyo na Kizungu?" akaniuliza.

"Kizungu hakitaki maneno mengi, mama."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Kibarua nilikipata. Nikapata hata kiti ndani ya gari lile, maana mkalimani hakuhesabiwa mwananchi. Karatasi ya ukutani ilikunjwa ikatiwa kabatini, na sheria ikabaki pale pale.

Miezi michache baadaye tulikuwa tukiteremka kuelekea Mbeere, dereva na mwalimu yule yule mbele, mimi nyuma. Kando ya barabara nikaona wilibaro. Mama nilimtambua hata kabla sijaiona sura yake, kwa jinsi alivyoinua mikono yote miwili. Alichokuwa akisukuma alikuwa amekifunika leso kwa sababu ya jua. Asiyejua angedhani ni ndizi za kupeleka sokoni. Mimi nilijua.

Dereva alipunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. Alikuwa anasubiri neno langu moja tu. Lakini neno hilo lingeyavuta yale yote niliyoyameza kule Embu, na mwalimu angejua mimi ni mtu wa namna gani. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe, si kwa ajili ya yule msichana.

"Anasema nini?" mwalimu akauliza.

"Anatusalimia."

Dereva akakanyaga mafuta. Mwalimu akatoa mkono dirishani, akampungia mama kwa furaha.