Petroli ya Kupigia Hodi

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa bwana shamba Lushoto, na kwa ubahili wa petroli sikuwa na mwenzangu wilaya nzima. Sisemi kwa aibu. Petroli ilikuwa ya mgawo, tukipimiwa ofisini kwa kopo kila Jumatatu, na mkubwa wetu wa kazi alikuwa ametoa ruhusa moja tu ya maana tangu nimjue: kitakachobaki kwenye tangi la pikipiki mwisho wa mwezi, baada ya vijiji vyote kutembelewa, ni cha mwendeshaji. Aliitoa akicheka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kubakiza kitu. Wenzangu walipanda milima wakivuta mafuta mpaka mwisho, injini ikilia, kisha wiki haijaisha unawakuta wanasukuma pikipiki njia ya Soni huku jasho linawatoka.

Mimi nilibakiza. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikaa Mtae, kule barabara inakoishia: mama yangu. Baba alikuwa amekwisha kufariki, dada yangu ameolewa chini huko Magoma, na majirani waliokuwa wakikaa bondeni pamoja na mama walihamia juu kando ya barabara kijiji kilipopangwa upya. Mama alikataa kuhama. Kaburi la baba lilikuwa migombani, na alisema hawezi kumwacha mtu amelala pale peke yake. Viongozi wa kijiji walimbembeleza, wakachoka, wakamwacha. Akabaki na mbuzi wake wawili katikati ya viwanja vya nyumba zilizobomolewa.

Kwa hiyo kila tone lililobaki tangini lilikuwa hatua moja ya kufika kwake, na likipungua, mwezi unapita sijamwona. Nikajifunza kuendesha. Pikipiki yetu ilikuwa ya kizee, ya kuchanganyia petroli na oili, na ilimfundisha mwenye masikio. Nilibadili gia mapema, kabla injini haijaanza kulalamika. Nilivuta mafuta kidogo kidogo. Mlima nilianza kuupanda nikiwa bado bondeni, nikikusanya mwendo kidogo chini ili nisidai nguvu nyingi juu. Breki niliziogopa, maana kila ukifunga breki unatupa mwendo ulioununua kwa petroli. Matairi niliyajaza upepo vizuri, mnyororo niliutia oili, na mzigo usio wa lazima niliuacha ofisini.

Nikikutana na mzee njiani nilizima injini kwanza ndipo nikatoa shikamoo. Salamu za kwetu haziishi upesi. Utaulizwa habari za kazi, za nyumbani, za mvua, za ndama aliyezaliwa, kisha mtarudi tena kwenye habari za nyumbani, na wakati wote huo injini inayonguruma bure inakunywa petroli ya mama yangu.

Jioni nilirudi katika chumba changu cha kupanga Lushoto. Palikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na baridi. Nilikuwa mpweke, na nalisema wazi kwa sababu siku zile hatukulisema. Tuliambiwa tunajenga taifa, na mtu anayejenga taifa angekuwaje mpweke? Nilikuwa nikipika viazi vyangu, nakula, kisha natoka nje kufungua kifuniko cha tangi. Natumbukiza kijiti, nakitazama kimelowa mpaka wapi, narudi ndani nimeridhika.

Safari ya mwisho wa mwezi nilianza asubuhi. Napita Magamba, napita Malindi, na kuanzia pale mbele barabara inafuata migongo ya milima, inapanda huu, inashuka, inapanda mwingine. Kila nilipofika nilimkuta mama amesimama uani amejifunga khanga safi, na ndizi zimekwisha kuiva chunguni. Nilimtania kwamba ana mganga anayemwambia. Alicheka tu, akanipakulia.

Ukaja mwezi mmoja wa mvua mbaya. Lori la mafuta lilikwama huko chini, kopo letu likawa halijazwi mpaka juu. Mwisho wa mwezi nilipotumbukiza kijiti nikaona petroli ya kufika Mtae ipo, ya kurudi haipo. Mwingine angeahirisha. Mimi nikaamua kuteremka miteremko yote nimezima injini, gia nimeweka frii, mguu uko kwenye breki. Na niliweza. Mgongo baada ya mgongo nilipanda kwa kunyemelea na kushuka kimya, nasikia upepo na ndege tu, na nilijisifu kwa sauti kubwa kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunisifu. Mteremko wa mwisho, ule mrefu wa kuingia bondeni kwetu, nilishuka nao mpaka uani bila hata kukohoa.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, amenipa mgongo, anapepeta maharage. Hakuwa akiyatazama. Uso ameuelekeza kwenye migongo ya milima na kichwa amekiinamisha upande, kama anavyokaa mtu anayetega sikio.

Nikasema, "Shikamoo mama."

Aliruka. Ungo ukamtoka mikononi, maharage yakatawanyika uani. Akanitazama, akaitazama pikipiki, na hakunijibu. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Nilisimama pale na funguo mkononi nikisubiri marahaba, na haikuja.

"Unaingia kwangu kama mwizi," alisema.

Nikamweleza habari za lori na kopo, na jinsi nilivyoteremka nimezima. Nilieleza kwa majivuno, nikidhani atafurahi. Alianza kuokota maharage, nami nikapiga magoti nikamsaidia. 

"Ukiwa mgongo ule wa kwanza nakusikia," alisema. "Unapotea bondeni, nakusikia tena. Toka hapo mpaka ufike, mimi nina mtu. Ule mlio ndiyo hodi yangu, mwanangu. Hapa hodi nyingine haipigwi."

Ndipo akasema, "Marahaba."

Siku ile ndizi zilichelewa kuiva, na tulikula karibu na saa ya mimi kuondoka. Niliona aibu.

Kuanzia hapo nilibana zaidi. Mashamba ya Irente nilikwenda kwa miguu na buti zangu za matope, pikipiki nimeiacha ofisini. Nilibana mwezi mzima ili niende kumwaga. Nikifika mgongo wa kwanza upande wa Mtae niliweka gia ya pili, nikavuta mafuta, nikaiacha injini ilie mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Dereva mmoja wa lori la mboga, Mshambaa mwenzangu, alinikuta siku moja nikifanya hivyo, akasimama kunionya, akiniita bwana kwa Kishambaa chetu.

"Mghoshi, unaiua hiyo pikipiki. Na petroli yenyewe hakuna."

Nikamwambia napiga hodi. Alinitazama kwa huruma, akaenda zake.

Mama alifariki wakati wa baridi. Habari zilinifikia kazini, nikapanda lori pamoja na watu wengine, tukamzika migombani karibu na baba. Dada alichukua mbuzi. Mimi nikarudi Lushoto, nikaendelea na vijiji vyangu, na mwisho wa mwezi nilipofungua tangi kijiti kililowa kuliko miezi yote. Sikuwa na pa kuipeleka petroli ile. Nikawasha, nikaenda Mtae.

Juu ya mgongo wa kwanza mkono ulikwenda wenyewe kwenye funguo. Mteremko ulikuwa mzuri, na hapakuwa na sababu tena ya kupoteza mafuta. Sikuzima. Niliweka gia ya pili, nikaenda nikilia na injini, mgongo kwa mgongo, mpaka uani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kama tulivyouacha. Nikasema shikamoo mama, nikasubiri, kama alivyonisubirisha siku ile.

Jua lilipogeuka niliinuka kwenye jiwe lake. Nilirudi Lushoto taratibu, kwa gia kubwa, nikivuta mafuta kidogo kidogo, nikibakiza petroli.