Nilivyorudi na Kamba Tupu

Siku nyumba yetu ya Bulyaga ilipopigwa mnada, mvua ilikuwa inanyesha, na dalali alisimama barazani kwangu akiwa amejikinga kwa mwavuli wangu. Nilitaka kumwambia aurudishe. Kisha nikawaza kwamba huenda nao umo kwenye vitu vinavyouzwa, nikamwachia.

Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Tukuyu. Mafundi walichukua mabati na saruji kwa ahadi, mimi nikachukua mkopo benki kwa kuweka nyumba rehani. Ahadi zao zilichelewa. Tarehe za benki hazikuchelewa. Ni hayo tu. Watu hupenda habari ya kufilisika iwe na mchawi au hawara ndani yake, na wengi walinikatia tamaa walipoona yangu haina hata mmoja.

Tulihamia Lupepo, kwenye shamba la migomba ambalo mume wangu aliachiwa na baba yake. Kula tulikula. Ndizi zilikuwepo, maharage yalikuwepo, na mvua ya huku haimnyimi mtu. Kilichonikaa rohoni kilitokea wiki ile ya kwanza, niliposhuka mjini na kuingia duka la pembejeo linalotazamana na lililokuwa langu. Mwenye duka tulikuwa tumekopeshana miaka yote, leo mimi, kesho yeye. Nikamwomba mbegu za maharage, nimlipe Jumamosi.

Akaitazama mizani yake kama vile ndiyo iliyoulizwa.

"Dada, siku hizi sikopeshi."

Nyuma yangu mteja mwingine akainua mfuko wa mbolea, akasema, "Niandikie." Mwenye duka akachukua kalamu akaandika deni lake, mbele ya macho yangu.

Nilirudi Lupepo nikijua ninachokitafuta. Halikuwa duka, wala nyumba. Nilitaka siku moja mtu wa Tukuyu anipe kitu chake bila kuona fedha yangu, aendelee na shughuli zake bila wasiwasi kama kitarudi.

Kule kulikuwa na kikundi cha akina mama wafugaji. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza. Unapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Unamtunza, maziwa ni yako, na ndama dume ni wako. Ila jike wa kwanza kuzaliwa unamlea mpaka naye ashike mimba, kisha unamkabidhi mwanachama anayefuata, na hapo deni lako limekwisha. Hakuna riba wala rehani. Mwenyekiti wao, bibi mmoja wa buti za mvua na kanga mbili kiunoni, alikuja kukagua banda tulilojenga.

"Bibi, umesikia habari zangu za benki?" Sikutaka azisikie baadaye kwa wengine.

"Nimesikia. Hata habari za mwavuli nimesikia." Akacheka mpaka akashika nguzo ya banda, kisha akaitikisa ileile nguzo kuona kama imekaa sawa. "Benki walitaka nyumba. Mimi nataka majani. Yako wapi?"

Nikampeleka kwenye mabingobingo tuliyopanda kando ya mfereji. Akasimama katikati yake, yakamfika kiunoni.

"Haya ni ya mbuzi. Panda mengine, nitarudi."

Alirudi, akakataa tena. Aliporudi baada ya hapo majani yalimmeza, tukawa tunasikia sauti yake tu humo ndani ikisema, "Ndaga fijo! Sasa ng'ombe atakula." Kwa Kinyakyusa hiyo ni asante sana, na mimi niliipokea kama barua ya benki ya kukubaliwa mkopo.

Ng'ombe, mweusi mwenye baka jeupe usoni, aliletwa na mwanamke wa kijiji cha jirani. Nilipomfunga kwa kamba yangu, yule mama aliifungua ya kwake, akaikunja, akaitupia begani. Ndivyo wanavyofanya: ng'ombe anabaki, kamba inarudi kwa aliyemtoa. Nilimtazama akiondoka na kamba tupu begani, anasalimiwa kila mlango, na nikaona wivu wa wazi kabisa.

Tukaanza. Majani yanakatwa leo yaliwe kesho, kwa sababu mabichi yenye umande huvimbisha tumbo la ng'ombe. Kukamua ni kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele, halafu ndoo inakwenda kituo cha maziwa kwenye utelezi, mkono mmoja ukishika ndoo, mwingine ukishika chochote kilicho karibu. Ndama wa kwanza akawa dume. Wa pili, dume.

"Mama Mabati!" aliniita mwenzangu mmoja kwenye foleni ya maziwa. "Ng'ombe wako anazaa mgambo tu!"

"Waache wafike kikosi kizima," nikamjibu. "Nina dalali wa kumkamata."

Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka, lakini kila ndama dume alimaanisha mwaka mwingine wa kubaki mdaiwa. Hata hivyo hatukukaa bure. Dume wa kwanza tulimuuza, akatupatia miche ya parachichi. Wa pili alituezekea banda upya. Nilinunua mabati kwa fedha taslimu, mimi niliyekuwa nikiyauza, na nikayagonga moja moja kwa kidole dukani mpaka muuzaji akaudhika.

Wa tatu akawa jike, mwenye baka jeupe usoni kama mama yake.

Alipokua na kushika mimba, mfanyabiashara kutoka Mbeya alimwona akasimama. Bei aliyotaja ilimfanya mume wangu aniite pembeni, nyuma ya jiko.

"Kwa hela hiyo unapanga fremu ya duka mjini mwezi huu huu. Kikundi tutawapa wa mwakani."

"Mwakani akizaa mgambo?"

"Basi wa mwaka unaofuata."

"Baba, hivyo ndivyo mafundi walivyokuwa wananiambia."

Alinitazama, akaanza kucheka polepole, kisha akaenda kumwambia mgeni kwamba chai ipo lakini ng'ombe hayupo.

Aliyefuata kupokea alikuwa mwanachama mpya, mwalimu kijana wa kike, mwenyeji wa Lindi aliyehamishiwa shule ya huku, anayeishi Bulyaga. Tulimpelekea mtamba asubuhi moja ya ukungu, mwenyekiti akiwa mbele na buti zake.

"Mama, huyu anauma?" mwalimu aliuliza akiwa mlangoni.

"Hapana mwalimu, anapiga mateke tu."

"Afadhali," akasema, bila kusogea.

Mwenyekiti akamshika mkono akauweka juu ya baka jeupe. Mwalimu akatabasamu. Nikaifungua kamba yangu, nikaikunja, nikaiweka begani.

Niliamua kupita katikati ya mji. Nyumba yetu ya zamani imepakwa rangi ya kijani, na imependeza. Mtu wa kwanza kunisalimia alitazama kamba kabla ya uso. Wa pili vilevile. Nilipofika kwenye duka la pembejeo, mwenye duka alikuwa amesimama nje.

"Mama Mabati! Vipi, ng'ombe kakukimbia?"

"Nimemlipa."

"Wa kikundi? Umemrudisha?"

"Na mimba yake."

Akajifuta mikono kwenye suruali. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa pumba na jiwe la chumvi ya mifugo, akaviweka miguuni pangu.

"Huyo mama yake aliyebaki atakula nini? Chukua, utaniletea hela Jumamosi."

Nilikuwa na hela ya maziwa kwenye mfuko wa sketi, na ilitosha. Sikuitoa.

"Niandikie," nikasema.

Nilisubiri mpaka alipoandika neno la mwisho. Kisha nikaufunga ule mfuko pamoja na jiwe la chumvi kwa kamba yangu, nikaubeba kichwani, nikashika njia ya Lupepo.