Mzee wa Kiti cha Nyuma

Habari hii nilikuwa nimeapa nizikwe nayo, lakini kwa kuwa rafiki yangu Nambozo ameshaisimulia nusu ya mji wa Mbale (na kila akiisimulia ananiongezea ujinga ambao hata sikuufanya), afadhali mnisikie mwenyewe.

Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu pale chuoni, kile cha kuwahimiza wanafunzi wawe raia wanaojali, wahudhurie mikutano ya mtaa, waulize maswali, wasikae tu hosteli wakilaumu serikali huku wanakaanga mayai. Nilihubiri kila mahali, kantini, uwanjani, hata kwenye foleni ya maji. Na tulikuwa na jambo letu moja, daraja. Kati ya hosteli na chuo kuna mfereji, na mvua ikinyesha kule juu mlimani Wanale unafurika vibaya, daraja lake lilishachukuliwa na maji, tukawa tunavuka juu ya magogo. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza, Mirembe, aliteleza pale akavunjika mguu, akarudishwa kwao Jinja. Sikuwa namfahamu kwa karibu, ila jina lake nililitumia katika kila hotuba. Tukasumbua ofisi za mji mpaka tukachukiwa, mwishowe wakubwa wawili wakakubali kuja ukumbini kwetu watuambie mbele ya watu wote daraja litajengwa lini. Swali hilo nilipewa mimi niliulize.

Sasa wiki hiyo hiyo akatokea yule mzee.

Nilimwona kwanza mferejini, anapiga picha magogo, anapima upana kwa hatua zake, viatu vyeusi vinang'aa (nani huvaa viatu vya kung'aa penye matope kama hana kazi yake ya pembeni?). Jioni akaja kwenye kikao chetu cha maandalizi, akaketi kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, tulipoimba hakuimba, tulipocheka hakucheka. Hakuna kati yetu aliyemsalimia. Nilipotoka nje nikamkuta anaongea na simu, tena kwa Kiswahili: "Ndiyo. Wako wengi. Kiongozi yao ni ule msichana mrefu. Nikimaliza hapa narudi Kimaka, nitakuambia yote."

Kimaka! Wenzangu wa Mbale jina hilo halikuwaambia kitu, lakini mimi nimezaliwa Nalufenya, mtaa wa Jinja, na mtu wa Jinja ukimtajia Kimaka anawaza chuo cha maofisa wa jeshi kabla hajawaza kingine. Na Kiswahili nacho, mnajua kwetu Uganda ni lugha ya askari, kuna wazee ambao wakikisikia mlangoni wanawaita watoto ndani. Mimi mwenyewe, kwa kuwa baba yangu ni Mkenya, dereva wa malori, na nyumbani tunaongea Kiswahili, shule ya msingi waliniita mtoto wa askari mpaka nikalia. Ungedhani nilijifunza kitu. Wapi!

"Huyu ametumwa," nikamwambia Nambozo.

"Na nani?"

"Si unajua."

Hakujua, na mimi sikujua, lakini tulitikisa vichwa kama watu wanaojua, na kulipokucha hosteli nzima ilikuwa inachungulia nyuma ya mapazia. Kuna aliyefuta ujumbe wote kwenye simu yake, hata wa mpenzi wake, wakaachana.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wakubwa wawili wako meza kuu, kitambaa cheupe, soda mbele yao. Na kule nyuma, kiti kile kile, yule mzee. Ratiba ilisema nianze na swali letu. Nikaamua, jambo dogo tu, nianze na utambulisho, maana kwetu wageni husimama mmoja mmoja wakasema jina na walikotoka, nikajua hapo hana pa kujificha. Nilijiona nina akili sana.

"Wageni wote wasimame tuwajue!"

Akasimama mchungaji, akasimama mtu wa redio. Mzee ametulia. Nikarudia. Ametulia tu, anatazama viatu vyake. Basi damu ikanipanda, nikashika kipaza sauti, nikashuka jukwaani nikamwendea mpaka nyuma, ukumbi mzima umegeuza shingo, na sikutumia Kiingereza cha mkutano, nilitumia Kiswahili, nikitaka nimshike kwa lugha yake ya kazi: "Afande, huu ni mkutano wa raia. Wewe umetumwa na nani?"

Makofi hayo! "Aseme! Aseme!" Mmoja akafunga mlango kwa komeo, mwingine akapanda kiti arekodi vizuri, kiti kikavunjika kwa kishindo, waliosikia kishindo wakadhani mambo yameanza wakakimbilia madirishani. Huko mbele mkubwa mmoja akatangaza kwamba usalama hakuna na mkutano umeahirishwa, akatokea mlango wa pembeni na mwenzake, soda mkononi, wala sura zao hazikuwa na huzuni yoyote.

Mzee akasimama polepole.

"Bambi, jamani, mimi si mgeni," akasema. "Mimi ni baba ya Mirembe. Nilifikiri mutaita wazazi, ndiyo nisimame."

Ningepata shimo ningeingia. Kipaza sauti kilikuwa bado kinanguruma mkononi mwangu, na nje tukasikia gari la wakubwa linawashwa.

Ile video ilifika Nalufenya kabla yangu. Mama hakunigombeza sana, alisema tu kwamba mtu uliyemwaibisha mbele za watu haombwi radhi kwa simu, jitande, twende. Tukaenda Kimaka na sukari na mkate. Nyumba iko nyuma ya duka la chakula cha kuku, na mzee mwenyewe ni dereva mstaafu, barabara ya Malaba mpaka Mombasa, ile ile ya baba yangu, Kiswahili chake alikiokota huko. Mirembe alikuwa mkekani, mguu umefungwa plasta. Ndiye aliyekuwa akipelekewa habari kwa simu.

Nikapiga magoti, nikaomba radhi mpaka maneno yakaisha.

"Kuniita mpelelezi si kitu, binti yangu," mzee akasema. "Barabarani waliniita hata mwizi. Mimi nauliza moja tu. Ile maswali kali yote ulinipa mimi wa nyuma. Wale wa mbele, mbona uliwapa soda?"

Mama akakohoa. Mirembe alinikazia macho kuliko baba yake, maana ni yeye atakayerudi kuvuka yale magogo kwa mkongojo. Niliona aibu kiasi cha kutamani anitukane yaishe.

Wakubwa hawajarudi, kila tukipiga simu wako kikaoni, na mvua zinakaribia. Kushuku watu sijaacha, siwadanganyi, damu yangu ndivyo ilivyo. Ila nimeapa, siku nikishika kipaza sauti tena, nitamshuku kwanza yule aliyeketi meza kuu.