Ubatizo wa Pili wa Mama

Mama yangu alibatizwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na siku nane, na baba yake, mfanyakazi wa reli, alimfunika shali akampeleka kwa Padri. Mara ya pili alikuwa na miaka sitini na tisa, na aliyempeleka ni mimi.

Wakati ule nilikuwa nimeokoka. Tulilisema neno hilo kama mtu anayeonyesha karatasi za kiwanja chake. Kanisa letu lilikuwa mtaa wa Bel-Air, chini ya bati, na pasta alitufundisha kwamba mtoto mchanga hawezi kuamini, kwa hiyo maji anayomwagiwa kichwani ni ya kuoga tu. Imani kwanza, maji baadaye. Ilikuwa rahisi hivyo, nami nilipenda mambo rahisi. Nikaanza kwenda mtaa wa Katuba kwa mama kumwambia kwamba, asipobatizwa upya, mbinguni hatutaonana.

Alinisikiliza huku akichambua maharagwe. Siku moja alinijibu bila kuinua macho:

"Wakati ulikuwa unanyonya, uliamini kwanza?"

Nilikasirika. Nikatafuta fimbo, na fimbo yangu ilikuwa watoto wangu watatu. Kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi yetu sisi wa Lubumbashi, walilala kwa nkambo wao, mama yangu. Nilimwambia kwamba watoto hawatalala tena katika nyumba yenye rozari ukutani. Nilisema hayo nimesimama mlangoni, mkoba begani, na nilijiona shujaa wa imani. Mungu anisamehe, maana mimi nimeshindwa kujisamehe.

Alivumilia majuma matano. La sita alinipigia simu akasema yuko tayari.

Tulimbatiza mwezi wa Julai, baridi kali, katika beseni la simenti nyuma ya kanisa. Kabla ya hapo pasta alitaka akabidhi vitu vya zamani: rozari, na kikwembe, yaani kitenge, cha akina mama wa shirika. Shirika ni kile kikundi cha Wakatoliki wa mtaa waliosali naye nyumba kwa nyumba, na walioimba kwenye kilio cha kila mwenzao. Tangu nikiwa msichana mama alikuwa ananiambia: siku yake ikifika, avishwe kikwembe kile, na mama wale wamwimbie. Alikikunja vizuri sana, akanipa mikononi. Kilichomwa mchana uleule pamoja na rozari, na aliyewasha kiberiti ni mimi.

Majini, pasta alimwuliza kama anaamini. Mama hakumtazama pasta. Alinitazama mimi, akasema ndiyo. Alitoka anatetemeka, meno yanagongana, na nilipokuwa nikimkausha nywele huku nalia kwa furaha, aliniuliza swali moja. Nikaitikia ndiyo bila hata kulifikiria.

Kwetu alikuja kusali mara mbili. Baada ya hapo alisema magoti yanamuuma. Kwa shirika pia hakurudi, aliona haya. Jumapili alikaa nyumbani peke yake, redio imezimwa, na mimi kanisani nilishuhudia mbele ya watu kwamba mama yangu ameokoka.

Mwaka uliofuata moyo wake ulianza kuchoka. Jumatatu ya juma lake la mwisho aliniambia nimwitie Padri. Nikasema nitamwita pasta. Jumanne akarudia. Jumatano aliomba tu mama mkubwa wa shirika, kiongozi wao, jirani yake, mlango wa tatu kutoka kwake. Nilimshika mkono, nikamwambia apumzike. Alhamisi asubuhi alifariki.

Nilimpigia pasta simu. Alinipa pole, kisha akanieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba hakuona matunda ya wokovu kwa mama, kwamba alizama majini bila imani, na kwamba kanisa haliwezi kumzika kama mtu wake. Nilikata simu nikakimbia mlango wa tatu. Mama mkubwa wa shirika alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mama aliliacha Kanisa mbele ya watu wote, na hakurudi, kwa hiyo Padri hatamsomea misa. Halafu akanishika bega.

"Ilibakia neno moja tu la toba, mwanetu. Padri angekuya siku ileile. Juu ya nini haukutuita?"

Alasiri akina mama walikuja kilioni. Walivaa vikwembe vya kawaida, wakaketi kwenye mikeka kama majirani wengine. Hawakuimba. Mimi nilijaribu kuanzisha wimbo wa kanisa letu, lakini hakuna aliyeujua, na sauti yangu ilibaki peke yake uani. Tulimzika kesho yake, amevaa gauni la kijivu nililomnunulia mimi.

Pasta yule nilimchukia, na bado ninamchukia, sitaki kudanganya. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Mama hakushuka majini kwa imani. Mwenye imani alikuwa yule wa kabla, mwenye rozari ukutani, na mimi ndiye niliyemwondoa. Nilipaswa kujua palepale, kando ya beseni, taulo mkononi, aliponiuliza:

"Sasa batoto batakuya siku ya posho?"